Ushahidi wa Kuoza: Jinsi Vifungashio Vinavyopimwa



Tarehe 8 Aprili 2024 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa agizo lililoingia hadi jikoni. Mabaki ya chakula na taka nyingine za kuoza, ziwe za nyumbani, za ofisini, za taasisi au za nyumba za ibada, zitengwe na kutiwa katika mifuko inayooza kwa asilimia 100. Watu walipewa siku 90 kujipanga. Kenya ilikuwa tayari imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Sisi Tanzania Bara tulifuata tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar na Rwanda zilitutangulia sote, Zanzibar mwaka 2006 na Rwanda 2008.

Marufuku ni kazi ya mkaguzi. Anaingia sokoni, anauona mfuko, anauchukua. Lakini serikali inapoagiza watu watumie mfuko unaooza, mkaguzi huyohuyo anashika mikononi mfuko wa kijani wenye picha ya jani, na hana namna ya kujua kama ni kweli. Muuza duka hajui. Mwagizaji wa bidhaa anajua alichoambiwa na kiwanda. Hapo ndipo tunapohitaji kipimo, na kipimo hicho kipo; kimeandikwa, kina namba na masharti yake. Ninachokuja kusema jioni hii ni kwamba kipimo kinachonukuliwa mara nyingi zaidi kwenye vyeti vya mifuko kilitengenezwa kwa ajili ya mahali pa aina ambayo miji yetu mingi haina, na tukikipokea bila kukisoma tutajaza madampo kwa mifuko yenye vyeti halali isiyooza.

Nianze na mfuko mbadala, kwa sababu wengi wenu mmekuja nao. Ni laini kama kitambaa, na kwa vile ulienea sokoni siku zilezile rambo, yaani ule mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku, lilipoondolewa, watu wengi wanaamini kwamba ukiutupa shambani utaoza. Hauozi. Umetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ileile ya viti vya sherehe, iliyoyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba na kugandamizwa kwa joto. Ulitakiwa uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, na sababu yake ni ya maana: udumu, mtu aurudie mara nyingi. Anayeutumia mara moja na kuutupa ametupa plastiki nyingi kuliko ile ya rambo aliyokatazwa.

Ukiachwa juani miezi kadhaa, mfuko huo unafifia, unakatika, unatoa vumbi la nyuzi ukiushika. Watu wakiona hivyo husema umeoza. Naomba tukae hapa kidogo, maana kosa lote la vifungashio vinavyodaiwa kuoza limejificha mahali hapa.

Plastiki ni mnyororo wa molekuli, mrefu sana, kama ushanga wenye maelfu ya punje. Bakteria na kuvu hawawezi kuumeza mnyororo huo. Wanachofanya ni kutoa vimeng'enya nje ya miili yao ili viukate, au wanasubiri maji, jua na oksijeni viukate kwanza. Vipande vikishakuwa vidogo vya kutosha, vinaingia ndani ya kijidudu na kuwa chakula. Sehemu ya kaboni iliyomo inachomwa kupata nguvu na kutoka kama hewa ya ukaa, sehemu nyingine inakuwa mwili wa kijidudu chenyewe. Pasipo na oksijeni, hutoka pia methani. Kuoza kumetimia pale kaboni ya mfuko ilipogeuka kuwa hewa au uhai. Kabla ya hapo kuna kukatika, kumeguka na kusagika tu, na plastiki iliyosagika ni plastiki ileile, isipokuwa sasa haiwezi kuokotwa.

Kulikuwa na biashara nzima iliyojengwa juu ya kuchanganya mambo haya mawili. Viwanda vilichukua polietilini ya kawaida, vikatia ndani yake chumvi za kobalti, manganizi au chuma ili jua na joto viivunje haraka. Mfuko ulipukutika mbele ya macho ya mteja, naye aliridhika. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni bidhaa za namna hiyo kwa maelekezo yake ya mwaka 2019, yaliyoanza kutumika tarehe 3 Julai 2021. Mifuko ya aina hiyo iliingia pia katika masoko yetu.

Hata mizani inadanganya. Chukua mfuko wa polietilini uliochanganywa na wanga wa mahindi. Ufukie, uufukue, uupime: uzito umepungua. Wadudu wa udongo wameula wanga na kuiacha polietilini ikiwa na matundu. Chukua mwingine uliojazwa unga wa chokaa. Udongo wenye tindikali utaiyeyusha chokaa, na mizani itakupa habari njema isiyo ya kweli.

Kuna kisa ambacho nakipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi ushahidi unavyoweza kuwatelezesha hata wanasayansi hodari. Wafugaji wa nyuki mliomo humu mnamfahamu nondo wa nta, yule ambaye viwavi wake wanaharibu masega kwenye mizinga dhaifu. Mwaka 2017 mtafiti Federica Bertocchini, ambaye naye alikuwa akifuga nyuki, na wenzake wawili walichapisha habari kwamba viwavi hao wanatoboa mifuko ya polietilini. Matundu yalianza kuonekana baada ya kama dakika 40. Ili kuthibitisha kwamba plastiki ilibadilika kikemia na haikutafunwa tu, walipaka rojo la viwavi waliosagwa juu ya plastiki, kisha wakaichunguza kwa mwanga wa infraredi, wakaona alama mpya. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Miezi michache baadaye wanakemia wa Ujerumani walirudia jaribio wakitumia vitu visivyo na uwezo wowote wa kula plastiki, kimojawapo kiini cha yai, na alama zilezile zikaonekana. Zilikuwa alama za mafuta na protini zilizobaki juu ya plastiki. Kundi la Bertocchini liliendelea na kazi, na mwaka 2022 likaeleza kuhusu vimeng'enya katika mate ya kiwavi vinavyoiunguza polietilini kwa oksijeni, jambo lenye thamani. Lakini tazameni umbali uliopo kati ya tundu na kuoza. Aliyehesabu matundu alihesabu kutafuna. Aliyetazama rangi ya mwanga alitazama mabaki. Hakuna kati ya vipimo hivyo kilichouliza kaboni imekwenda wapi.

Basi twende maabara, mahali ambapo swali hilo linaulizwa.

Kanuni ya kimataifa inayotumika zaidi ni ISO 14855. Unachukua mboji iliyoiva, ya miezi miwili hadi minne, iliyochungwa ikawa laini. Unaweka katika mtungi mboji yenye uzito mkavu wa gramu 600 hivi, unachanganya na gramu 100 za kifungashio unachokipima, kikiwa kimesagwa au kimekatwa vipande vidogo. Unalinda unyevu uwe kama nusu ya uzito, na mtungi mzima unauweka katika joto la nyuzi 58. Halafu unapitisha hewa ndani yake, hewa ambayo umekwisha kuiondolea hewa ya ukaa yote. Inayotoka upande wa pili imebeba pumzi ya vijidudu. Unaipitisha katika maji ya sodiamu haidroksaidi, nayo yanainasa hewa ya ukaa. Kisha unapima kwa kudondosha asidi tone kwa tone hadi rangi igeuke. Maabara tajiri zina mashine ya infraredi inayosoma moja kwa moja, lakini njia ya asidi na besi ni ileile ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma kemia ameifanya kwa mikono yake. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Hesabu yake ni nyepesi na mimi huiona nzuri. Selulosi, ambayo ndiyo nyuzi za pamba na karatasi, ina kaboni asilimia 44.4 ya uzito wake. Gramu 100 zina kaboni gramu 44.4. Kila gramu 12 za kaboni zikiungua huwa gramu 44 za hewa ya ukaa, hivyo gramu 100 za selulosi zikiliwa zote na kupumuliwa zote zitatoa gramu 163. Asidi polilaktiki, yaani PLA, plastiki inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au miwa, nusu ya uzito wake ni kaboni, na gramu 100 zake zingetoa gramu 183. Unalinganisha ulichokinasa na hicho kilichotarajiwa, unapata asilimia. Gramu 165 kutoka kwenye PLA ni asilimia 90. Polietilini ina kaboni nyingi zaidi, ingetoa gramu 314, lakini mtungi wake ukiufuatilia nusu mwaka hupumua sawasawa na mtungi wa mboji isiyotiwa kitu.

Kwa sababu mboji yenyewe inapumua, kuna mitungi mitatu ya mboji peke yake, na pumzi yake inatolewa katika hesabu. Kuna mitungi mitatu ya kifungashio. Na kuna mitungi mitatu ya selulosi safi, kitu tunachojua kwa hakika kwamba kinaoza. Hiki ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vyote katika kanuni hii. Ikiwa selulosi haijafikia asilimia 70 kwa siku 45, jaribio zima linatupwa, hata kama kifungashio kimeonekana kuoza vizuri. Maana yake mboji ilikuwa imechoka, au joto lilishuka, au hewa ilivuja. Jaribio linajipima lenyewe kabla ya kumpima mwingine. Mitungi mitatu ya kitu kimoja nayo isitofautiane zaidi ya asilimia 20. Mtu akikuletea ripoti ya maabara isiyoonyesha mstari wa selulosi, irudishe. Hakuna haja ya kusoma kurasa zilizobaki.

Wakati mwingine matokeo hupita asilimia 100, na wanafunzi hushtuka. Vijidudu vilivyopata chakula kipya huchangamka na kuila mboji yenyewe kwa kasi kuliko vilivyo katika mitungi ya mboji peke yake. Mtaalamu mzoefu anaijua hali hiyo na huieleza katika ripoti yake.

Ulaya, kwa kanuni yake EN 13432 ya mwaka 2000, inataka asilimia 90 ndani ya miezi 6. Watu huuliza kwa nini si 100. Jibu nimekwisha kuligusa: sehemu ya kaboni inabaki kama mwili wa vijidudu na haitoki kama hewa. Mwaka 2018 watafiti wa ETH Zürich waliionyesha kwa uwazi mkubwa. Walichukua plastiki iitwayo PBAT, inayotokana na mafuta ya petroli, iliyotiwa kaboni nzito ya aina ya 13, wakaiweka katika udongo. Kaboni hiyo nzito ilionekana katika hewa iliyotoka, na ilionekana pia ndani ya nyuzi za kuvu waliokuwa wakiila. Huo ndio ushahidi ambao viwavi wa mwaka 2017 hawakuwa nao.

Na mwone kwamba plastiki hiyo ilitoka kwenye petroli na ikaoza. Wakati huohuo kampuni ya Braskem ya Brazil tangu mwaka 2010 inatengeneza polietilini kutokana na miwa, na polietilini hiyo haiozi kuliko ile ya petroli hata kidogo, kwa sababu mnyororo ni uleule. Mfuko ukiandikwa kwamba umetokana na mimea, mmeambiwa ulikozaliwa. Vijidudu vinatazama umbo la molekuli.

Hewa ya ukaa si mtihani pekee. Kifungashio chenye unene wake halisi, kama kitakavyouzwa, kinawekwa katika mboji wiki 12, kisha mboji inachungwa kwa chekeche cha milimita 2. Kinachobaki juu kisizidi asilimia 10 ya uzito wa mwanzo. Unene una uzito mkubwa hapa. Cheti cha filamu nyembamba hakihusu sahani au kikombe cha malighafi hiyohiyo, na wauzaji wengine huonyesha kimoja kwa ajili ya kingine. Zinapimwa metali nzito, maana wino na rangi huja nazo: risasi isizidi miligramu 50 kwa kilo, kadimiamu isizidi nusu miligramu. Mwishoni mboji iliyobaki inapandwa mbegu za mimea ya aina mbili, na mimea hiyo iote na kukua angalau asilimia 90 ya ile iliyopandwa katika mboji ambayo haikuwahi kuwekwa kifungashio. Mkulima ataelewa mtihani huu wa mwisho kuliko yote niliyosema.

Vitu vya asili ambavyo kemia yake haijabadilishwa, kama mbao, pamba na nyuzi za katani, haviombwi mtihani wa mtungi. Majani ya mgomba na vikapu vya ukili wala hatuna haja ya kuvijadili. Karatasi ya kaki ni nzuri mradi ni karatasi tupu. Kikombe cha karatasi cha chai kwa kawaida kimepakwa polietilini kwa ndani ili kisivuje, na ukikifukia utakuta baadaye karatasi imeliwa na utando wa plastiki umebaki ukiwa na umbo la kikombe.

Sasa nirudi kwenye namba niliyoipita haraka: nyuzi 58.

Kwa nini joto hilo? Kwa sababu huko Ulaya kipimo kilikotungwa, kuna viwanda vya mboji. Milan, kwa mfano, tangu mwaka 2012 inakusanya mabaki ya jikoni mlango kwa mlango katika mifuko ya kuoza, na malori yanayapeleka kiwandani. Malundo makubwa ya taka mbichi yakipewa hewa hujipasha moto yenyewe kutokana na pumzi ya vijidudu, yakapita nyuzi 50 na hata 60, na yakakaa hapo wiki kadhaa. Kipimo cha nyuzi 58 kinaiga mahali hapo, na kwa mahali hapo ni kipimo cha haki kabisa. Sina ugomvi nacho.

Lakini PLA ina tabia moja. Minyororo yake imebanana kwa ugumu hadi joto likaribie nyuzi 60 hivi. Hapo inalegea, maji yanapenya, yanaikata, na vijidudu vinapata chakula. Kwenye nyuzi 25 maji yanaingia taratibu mno. Kikombe kilichopotea katika mtungi kwa wiki chache kinaweza kukaa ufukweni miaka, kikiwa na cheti chake halali, kwa sababu cheti hakikuwahi kusema neno juu ya ufukwe.

Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walilifanyia kazi jambo hili kwa uvumilivu unaostahili sifa. Walichukua mifuko ya madukani ya aina tano, mmojawapo wa plastiki ya kawaida na mingine ikidai kuoza kwa namna mbalimbali, wakaiweka hewani, wakaifukia udongoni, na kuizamisha baharini kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya miaka mitatu udongoni na baharini, mifuko iliyodaiwa kuoza, isipokuwa mmoja, bado iliweza kubeba manunuzi, sawa na ule wa kawaida. Ule mmoja, uliothibitishwa kwa ajili ya mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu. Mfuko uleule ulitoa majibu mawili kwa sababu uliulizwa mahali pawili.

Chuo cha University College London, UCL, kiliwashirikisha wananchi wa Uingereza waweke vifungashio katika mboji za bustani zao na kutoa taarifa. Matokeo ya mwaka 2022 yalikuwa kwamba asilimia 60 ya plastiki zilizothibitishwa kwa mboji ya nyumbani hazikumeguka zote. Bustani za Uingereza ni za baridi, na wengine huenda hawakuyageuza malundo yao. Ndiyo hali halisi ya watu, na kipimo kinapaswa kuijua.

Na dampo? William Rathje, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona, alianza mwaka 1987 kuchimba madampo ya Marekani kama watu wachimbavyo magofu. Alikuta magazeti ya miongo iliyopita yakisomeka vizuri, na soseji zikitambulika. Karatasi na nyama, vitu ambavyo hakuna anayebishana kuwa vinaoza! Vilikuwa vimefunikwa, vimebanwa, bila hewa na bila maji ya kutosha. Na pale vinapooza bila oksijeni vinatoa methani, ambayo kwa uzito uleule inaipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Basi mfuko unaooza ukipelekwa katika madampo kama Pugu Kinyamwezi au Dandora pamoja na taka nyingine zote, faida yake karibu yote imepotea njiani. Agizo la Kenya lina busara kwa kuwa lilianza na kutenga taka. Mfuko bila kutenga ni gharama tupu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni masalia ya chakula na mimea, na hayo yakitengwa tu, hata kwenye ndoo isiyo na mfuko wowote, tayari kazi kubwa imefanyika.

Ninafika kwenye pendekezo langu, na ninalitoa kwa wenye mamlaka ya viwango katika nchi zetu kwa heshima na kwa msisitizo. Hatuna viwanda vingi vya mboji vya nyuzi 58. Tuna malundo ya mboji nyuma ya nyumba, mashimo ya taka shambani, na udongo wenye joto. Kipimo kinachotufaa kipo. Australia ina kanuni yake AS 5810 ya mboji ya nyumbani, Ufaransa ina NF T 51-800. Zote zinapima katika nyuzi 20 hadi 30 na zinatoa miezi 12. Kwa udongo kuna EN 17033 ya mwaka 2018, ya plastiki za kutandaza mashambani, inayotaka asilimia 90 ndani ya miaka 2 kwenye joto la karibu nyuzi 25. Mjerumani analiona joto hilo kuwa la kiangazi. Tanga na Mombasa ni la mwaka mzima. Kwa hiyo mfuko wa taka za jikoni unaoingizwa nchini udaiwe cheti cha mboji ya nyumbani, na kile cha kiwandani kikubalike tu pale mji unapoonyesha kiwanda kinachoupokea.

Hata hapo nisiwape matumaini kupita kiasi. Joto peke yake halitoshi. Udongo wa Dodoma mwezi wa Septemba ni mkavu kiasi kwamba vijidudu vingi vimelala, na hakuna kanuni ya Ulaya iliyowaza juu ya msimu wa kiangazi wa miezi sita. Ndiyo maana nataka vyuo vyetu vipime vyenyewe, kwa udongo wetu. Mtungi wa kioo, pampu ndogo ya hewa, sodiamu haidroksaidi, asidi, bureti na mizani nzuri. Hakuna kimoja katika orodha hiyo kinachohitaji mfadhili mkubwa. Kinachohitajika ni mtu wa kufika maabara kila siku kwa mwaka mzima na umeme usiokatika. Ningependa kuona mitungi yenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, mchanga wa pwani na udongo mwekundu wa Kilimanjaro, kila mmoja na mtungi wake wa selulosi, ikipumua kwa unyevu wa masika na kwa ukavu wa kiangazi. Matokeo yake yangetupa haki ya kuandika masharti yetu wenyewe.

Na maandishi ya mfukoni yabadilishwe. Ufaransa tangu Januari 2022 imekataza bidhaa na vifungashio kuandikwa kwamba vinaoza, na nadhani wamefanya vyema. Kwetu lebo itaje mahali, muda na namba ya kanuni: kwa mfano, kwamba mfuko unaoza katika mboji ya nyumbani ndani ya miezi 12 kwa kanuni fulani, na unene uliopimwa. Mwenye duka akiletewa bidhaa aombe cheti, asome unene, jina la maabara na joto lililotumika. Akiona nyuzi 58, amwambie muuzaji amwonyeshe kiwanda cha mboji kilipo.

Wengine mmeniuliza kabla ya kuanza kama kuna kitu mnachoweza kufanya nyumbani. Kipo, mradi mjue mipaka yake. Kata kipande cha mfuko cha upana wa kiganja. Kata kipande cha khanga ya pamba tupu, isiyo na poliesta, cha ukubwa uleule; hicho ndicho selulosi yenu. Vitie vyote katika vyandarua vidogo vya nailoni ili visipotee, vifukie kina cha sentimita 10 katika udongo wenye unyevu na mboji kidogo, weka alama, na mfukue baada ya miezi mitatu. Khanga ikiwa nzima, udongo wenu haukufanya kazi msimu huo na hamjajifunza lolote kuhusu mfuko. Mwagieni maji, ongezeni samadi, anzeni upya. Khanga ikiwa imekwisha na mfuko ukawa mzima, upelekeni kwa aliyewauzia pamoja na kile chandarua kitupu, mkamwombe cheti chake. Vyote viwili vikiwa vimetoweka, tuleteeni maabara mfuko mwingine wa aina hiyohiyo ambao haujatumika, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha kilicholiwa na kilichosagika, na tutahitaji miezi kadhaa kuwapa jibu.